Lazzaro Spallanzani: padri aliyepata watoto wa mbwa bila dume kupanda

Mhimilishaji akifika zizini kwako na pikipiki, nyuma amefunga mtungi wenye baridi kali. Anatoa mrija mwembamba, anauyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, na baada ya dakika chache kazi imekwisha. Dume hajaonekana. Pengine dume mwenyewe alikufa miaka iliyopita. Miezi tisa baadaye ndama anasimama na kutafuta chuchu.

Hivi karibuni katika kipindi chetu cha wafugaji tulizungumzia jambo linalokwenda mbali zaidi ya huo mrija. Tulieleza kwamba wanasayansi wanatafuta njia ya kutengeneza mayai ya uzazi na mbegu za kiume za mifugo ndani ya maabara, wakianzia kwenye seli shina. Ujumbe uliingia kwa wingi. Wengine mliuliza kama tunatania. Wengine mliuliza ni nani alianza kutenganisha uzazi wa mnyama na tendo la kupandana.

Swali hili la pili ndilo tunalijibu leo, na jibu lake ni maisha ya mtu mmoja. Jina lake ni Lazzaro Spallanzani, padri wa Kiitaliano aliyeishi zaidi ya miaka 200 iliyopita. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, alifanya kwa mikono yake kile ambacho wengi walidhani hakiwezekani. Pili, alipopata jibu kubwa kuliko yote aliyoyatafuta, hakulikubali. Sababu hiyo ya pili ndiyo inayotugusa zaidi sisi wafugaji.

Mtoto wa Scandiano

Spallanzani alizaliwa Januari 1729 katika mji mdogo wa Scandiano, kaskazini mwa Italia. Baba yake alikuwa mwanasheria na alitaka mtoto afuate njia hiyo hiyo. Akiwa kijana wa miaka 15 alipelekwa kusoma kwa mapadri wa shirika la Wajesuiti katika mji wa Reggio Emilia. Baadaye akaenda Bologna kusomea sheria.

Huko Bologna alimkuta ndugu yake wa ukoo, Laura Bassi. Huyu alikuwa mwanamke aliyefundisha fizikia chuo kikuu, jambo lililokuwa nadra mno Ulaya ya wakati huo. Kwake Spallanzani aliona vyombo, majaribio na hesabu, na moyo wake ukahama kutoka kwenye sheria. Baba hatimaye akakubali.

Baada ya masomo alipewa upadri. Cheo hicho kilimpa heshima na kipato kidogo cha kujikimu, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha. Alianza Reggio Emilia, akaenda Modena, na mwaka 1769 akaitwa chuo kikuu cha Pavia. Eneo hilo wakati huo lilikuwa chini ya watawala wa Austria. Alifundisha hapo na kusimamia makumbusho ya viumbe na mawe mpaka kufa kwake.

Mchuzi uliochemshwa

Enzi hizo watu wengi, wasomi wakiwemo, waliamini kwamba viumbe vidogo hujitokea vyenyewe. Nyama ikioza, funza wanatoka kwenye nyama. Mchuzi ukichacha, vijidudu vimezaliwa na mchuzi. Padri mmoja wa Kiingereza, John Needham, alikuwa amechemsha mchuzi wa nyama, akaufunga kwa kizibo, na baada ya siku kadhaa akaona vijidudu ndani yake. Akasema hiyo ni nguvu ya uhai iliyomo kwenye mchuzi.

Spallanzani hakumtukana wala hakubishana naye kwa maneno. Alirudia jaribio. Badala ya kizibo, aliyeyusha shingo za chupa za kioo kwa moto mpaka zikajifunga kabisa, ili hewa isipite. Kisha akazichemsha kwa muda mrefu, karibu saa nzima. Siku zikapita, mchuzi ukabaki bila kijidudu. Alipovunja shingo ya chupa na hewa ikaingia, vijidudu vikaonekana. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1765.

Mama yeyote anayechemsha maziwa na kuyafunika anaijua nusu ya somo hilo. Tunalitaja kwa sababu linaonyesha tabia ya mtu huyu. Hakuridhika na jambo kwa kuwa linasemwa na wakubwa. Alibadilisha namna ya kufunga chupa na muda wa kuchemsha, kisha akasubiri.

Mabishano kuhusu yai na mbegu

Sasa tufike kwenye uzazi. Mwaka 1677 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyetengeneza lenzi zenye nguvu za kukuzia vitu, alikuwa ameona ndani ya manii vijidudu vyenye mkia vinavyoogelea. Tangu hapo wasomi wakagawanyika makundi mawili.

Kundi moja lilisema mtoto mzima, mdogo mno, amejikunja ndani ya kile kijidudu cha baba, na mama ni shamba tu la kumkuzia. Kundi la pili lilisema mtoto amekwisha kuwemo ndani ya yai la mama tangu mwanzo wa dunia, yai ndani ya yai, na manii ya baba huliamsha tu likaanza kukua. Kwa kundi hili la pili, vile vijidudu vyenye mkia vilikuwa wageni tu wanaoishi kwenye manii, kama minyoo inavyoishi tumboni.

Spallanzani alikuwa wa kundi la yai. Rafiki yake mkubwa wa barua, Charles Bonnet wa Geneva, alikuwa mtetezi wa imani hiyo, na Spallanzani alimheshimu sana. Kumbuka jambo hili, msikilizaji, maana tutalirudia.

Vyura waliovalishwa kaptula

Alianza na vyura kwa sababu mambo yao yanaonekana kwa macho. Dume humkumbatia jike majini, jike hutaga mayai, na mayai yale huwa viluwiluwi. Swali lilikuwa moja: je, mayai yanapata uhai ndani ya tumbo la jike, au nje, baada ya kutagwa?

Msomi wa Kifaransa, Réaumur, alikuwa amewahi kufikiria njia ya kuwavalisha vyura nguo. Spallanzani akaifuata mpaka mwisho. Alishona kaptula ndogo za kitambaa cha hariri kisichopitisha maji, akawavalisha madume. Madume hawakujali. Waliwakumbatia majike kama kawaida, na majike wakataga. Lakini mayai yote yaliyotoka kwa majike hao yalioza. Hakuna hata kiluwiluwi mmoja aliyetokea.

Kisha akachunguza zile kaptula. Ndani alikuta matone ya maji ya uzazi ya dume. Akayachukua na kuyapaka kwenye mayai mengine ambayo hayajaguswa na dume. Mayai hayo yakakua yakawa viluwiluwi.

Watu wanaweza kucheka wakisikia habari za kaptula za vyura, na hata wakati wake walicheka. Lakini jaribio lile lilijibu swali. Mayai ya chura hurutubishwa nje ya mwili, na kinachotakiwa ni kile kimiminika kufika kwenye yai. Kumkumbatia jike peke yake hakutoshi.

Kulikuwa na waliosema kwamba manii haina haja ya kugusa yai, bali mvuke wake tu unatosha. Spallanzani akaweka manii ya chura kwenye kioo kidogo, na juu yake akaning'iniza mayai yaliyoshikamana na kioo kingine. Mvuke ukapanda mpaka mayai yakalowa. Hayakukua. Akachukua manii yaleyale yaliyobaki chini, akayagusisha na mayai mengine. Hayo yakakua. Hoja ya mvuke ikaishia hapo.

Chumba chenye ufunguo mmoja

Baada ya vyura, aliuliza: je, kwa mnyama anayebeba mimba na kunyonyesha itawezekana?

Alichagua mbwa jike wa aina ya spaniel, ambaye alikuwa amewahi kuzaa. Akamfungia katika chumba. Ufunguo alikaa nao mwenyewe, na chakula na maji alimpelekea mwenyewe, ili asije mtu akasema kuna dume aliyepenya usiku. Alimfungia kabla ya joto, akasubiri mpaka dalili zikaonekana wazi.

Akachukua manii ya dume kijana wa aina ileile, kiasi cha gramu moja hivi, na bomba dogo la sindano. Alijua kwamba baridi ingeharibu kazi, kwa hiyo alilipasha bomba joto mpaka likafanana na joto la mwili wa mbwa. Akaingiza manii yale ndani ya jike.

Siku chache baadaye joto likaisha. Wiki zikapita na tumbo likaanza kujaa. Siku ya 62 baada ya kazi ile, jike alizaa watoto watatu, madume wawili na jike mmoja, wote wazima. Walifanana na mama, na walifanana pia na dume ambaye mama yao hakuwahi kukutana naye.

Habari hii ilichapishwa mwaka 1780 ndani ya kitabu chake kuhusu maumbile ya wanyama na mimea. Spallanzani aliandika bila kuficha kwamba furaha aliyoipata siku ile ilikuwa kubwa kuliko nyingine zote tangu aanze kazi ya sayansi.

Ukiangalia vizuri, mambo aliyoyazingatia yeye ndiyo yaleyale anayozingatia mhimilishaji wako leo. Jike awe kwenye joto la kweli. Mbegu ziwe za dume anayejulikana. Joto la mbegu litunzwe. Jike asichanganyike na dume mwingine, ili ujue mtoto ni wa nani. Kumbukumbu ya tarehe iandikwe. Mfugaji anayepuuza moja kati ya hayo asishangae ng'ombe akirudi joto baada ya siku 21.

Jibu lililobaki kwenye karatasi

Baada ya watoto wa mbwa kuzaliwa, lilibaki swali la mwisho, nalo ndilo lililokuwa zito. Katika manii, ni kitu gani hasa kinacholipa yai uhai? Ni maji yenyewe, au ni vile vijidudu vyenye mkia?

Spallanzani alichukua manii ya vyura iliyochanganywa na maji, akaichuja. Alianza na pamba na vitambaa, kisha akatumia karatasi. Kadiri alivyoongeza tabaka za karatasi, maji yaliyopita chini yalipungua nguvu. Alipotumia karatasi kadhaa kwa pamoja, maji yaliyotoka hayakurutubisha yai hata moja. Kisha akachukua karatasi zenyewe, akazikamulia ndani ya maji safi. Maji hayo yakarutubisha mayai.

Msikilizaji, hebu tutulie hapa. Kilichopita kwenye karatasi hakina nguvu. Kilichokwama kwenye karatasi kina nguvu. Na kilichokwama ni vitu vyenye umbo, vile vijidudu. Leo mwanafunzi wa sekondari akielezwa jaribio hili atasema mara moja kwamba mbegu za kiume ndizo zinazorutubisha.

Spallanzani hakusema hivyo. Aliendelea kuamini kwamba mtoto yumo ndani ya yai na kwamba vijidudu ni wapangaji tu. Tumtendee haki: alikuwa na sababu. Katika baadhi ya majaribio aliona kwamba manii aliyodhani haina kijidudu hata kimoja ilirutubisha mayai. Hadubini za wakati wake zilikuwa na mipaka, na mbegu chache tu zinatosha kufanya kazi. Lakini mtu yuleyule ambaye kwa mchuzi hakukubali neno la mkubwa mpaka amepima, safari hii alikuwa amepima, na akaacha imani yake imshinde kipimo chake.

Miaka 25 baada ya kifo chake, mwaka 1824, Jean-Louis Prévost na Jean-Baptiste Dumas walirudia jaribio la kuchuja huko Geneva. Wao wakakubali kile ambacho karatasi ilisema. Mwaka 1827 Karl Ernst von Baer akaliona yai la mnyama anayenyonyesha. Mwaka 1876 Oscar Hertwig, Mjerumani, akatazama mayai ya kiumbe wa baharini anayeitwa urchini na kuona kiini cha mbegu kikiungana na kiini cha yai. Makundi yote mawili ya zamani yalikuwa yamekosea. Mtoto hakuwemo ndani ya mama peke yake wala ndani ya baba peke yake. Kila mmoja huleta nusu.

Ukweli huo unatusaidia mpaka leo. Jike akishindwa kushika mimba, haraka ya wengi ni kumwita tasa na kumpeleka machinjioni. Lakini nusu ya safari iko upande wa dume, na sehemu nyingine ya shida inaweza kuwa muda tuliochagua sisi wenyewe. Kabla ya kulaumu, pima.

Alipoitwa mwizi

Mwaka 1785 Spallanzani alifunga safari kwenda Constantinople, mji unaoitwa Istanbul siku hizi, kukusanya mawe, wanyama na mimea. Akiwa mbali, mlinzi wa makumbusho ya Pavia, padri Serafino Volta, alimgeuka. Volta alikwenda Scandiano, ambako Spallanzani alikuwa na makumbusho yake binafsi nyumbani, kisha akarudi na kutangaza kwamba vitu vya chuo vimeibwa na kupelekwa huko. Baadhi ya maprofesa wenzake waliokuwa na wivu au kinyongo wakaungana naye. Habari zikasambaa Ulaya kwa barua.

Fikiria mtu ameijenga heshima yake kwa zaidi ya miaka 20, na sasa anaitwa mwizi akiwa nchi ya mbali. Spallanzani alirudi, akapitia Vienna, akaonana na mtawala Joseph wa Pili. Uchunguzi ukafanyika. Orodha za makumbusho zikalinganishwa na vitu vilivyokuwepo. Mwaka 1787 ikatolewa hukumu kwamba hana hatia, na Volta akafukuzwa kazi. Wanafunzi wa Pavia walikuwa wamempokea kwa shangwe.

Lakini maneno yakishatoka hayarudi. Hata baada ya kusafishwa, alibaki na uchungu dhidi ya waliomsingizia, na hakuwa mtu mwepesi wa kusamehe. Hatusemi alikuwa malaika. Alikuwa mkali, mwenye kujivuna, na alipenda kushinda.

Tuseme na hili pia. Wanyama waliteseka mikononi mwake. Alikata vichwa vya konokono na miguu ya wanyama wadogo wa majini ili aone kama vitaota tena. Aliwapofusha popo ili ajue wanavyoona njia gizani. Siku hizi majaribio ya aina hiyo hupitia kamati za kulinda wanyama kabla ya kuruhusiwa. Zama zake hazikuwa na kamati kama hizo.

Popo, volkano na siku za mwisho

Akiwa na umri wa karibu miaka 60, mwaka 1788, alisafiri kusini mwa Italia kupanda milima ya volkano, Vesuvio, Etna na Stromboli, akikaribia moshi na mawe ya moto. Nyuma ya safari zake zote alikuwepo dada yake Marianna, aliyetunza mkusanyiko wa nyumbani.

Kuanzia mwaka 1793 alijishughulisha na popo. Alifunga nyuzi ndani ya chumba chenye giza, akaona kwamba popo asiyeona hupita bila kuzigusa. Lakini masikio yake yakizibwa, hujigonga. Spallanzani na mwenzake wa Geneva, Louis Jurine, wakasema popo hutumia masikio. Wengi wakawadharau, kwa sababu hawakusikia sauti yoyote. Ilichukua mpaka mwaka 1938, vyombo vipya vilipopatikana, ndipo ikajulikana kwamba popo hutoa sauti ambazo sikio la binadamu halizipati. Katika jambo hilo alikubali alichokipima, na wakati ukampa haki.

Spallanzani alifariki Pavia Februari 1799, akiwa na miaka 70, kwa ugonjwa wa kibofu. Mkusanyiko wake wa Scandiano ulinunuliwa na mji wa Reggio Emilia, na mpaka leo unaonyeshwa katika makumbusho ya mji huo.

Kutoka bomba la sindano hadi seli shina

Kazi yake haikuingia zizini mara moja. Ilipita zaidi ya karne moja kabla ya Mrusi Ilya Ivanov, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kuanza kuhimilisha farasi na ng'ombe kwa wingi. Spallanzani aliwahi kuweka manii kwenye baridi ya theluji, akaona mbegu zikisimama, na alipozipasha joto nyingine zikaanza kutembea tena. Lakini mwaka 1949 ndipo watafiti wa Uingereza, Chris Polge na wenzake, walipogundua kwamba gliserini hulinda mbegu zisife zinapogandishwa. Kutoka hapo ukaja mtungi wa naitrojeni unaouona kwenye pikipiki. Kwetu Afrika Mashariki, kituo cha Kabete nchini Kenya kilianzishwa mwaka 1946, na Tanzania ina kituo cha taifa cha uhimilishaji Usa River, mkoani Arusha.

Sasa turudi kwenye maswali yenu ya seli shina. Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi, kama kijana ambaye hajaamua awe fundi seremala au fundi cherehani. Ikipewa mazingira fulani inakuwa seli ya damu, ikipewa mengine inakuwa seli ya misuli. Mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwamba seli ya kawaida ya mwili wa panya inaweza kurudishwa ikawa kama seli shina. Miaka michache baadaye, mwaka 2011 na 2012, Wajapani Mitinori Saitou na Katsuhiko Hayashi wakatangaza kwamba kutoka kwenye seli shina za panya wamepata mbegu za kiume na mayai, na kwamba panya wazima wamezaliwa. Mwaka 2016 kundi la Hayashi likapitisha mayai ya panya hatua zote ndani ya vyombo vya maabara. Mayai mengi yalionekana sawa chini ya hadubini, lakini sehemu ndogo sana tu ndiyo iliyozaa panya.

Kwa nini wafuatiliaji wa mifugo wanalitaka jambo hili? Kwa sababu ya muda. Mtamba hukaa miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa, na kizazi kimoja cha kuboresha ng'ombe ni safari ndefu. Mayai na mbegu vikiweza kutengenezwa maabara, wataalamu wanaweza kuchagua na kuchanganya vizazi kadhaa kabla ndama hata mmoja hajazaliwa. Kwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe kazi hiyo bado iko maabara. Mtu akikujia kijijini akiuza mbegu za seli shina, usitoe pesa yako.

Kuna sababu nyingine, nayo iko karibu nasi. Mwaka 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, Kenya, alikufa Sudan, dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini. Walibaki majike wawili, mama na binti yake. Mwaka 2022 watafiti, Hayashi akiwemo, walitangaza kwamba kutoka kwenye seli za faru wa aina hiyo wamepata seli zile za mwanzo kabisa ambazo kwa kawaida huja kuwa mayai au mbegu. Kati ya hapo na yai kamili bado kuna njia ya kwenda.

Ukiyatazama haya yote, utaona kwamba swali ni lilelile la yule padri mwenye kaptula za hariri: ni kitu gani hasa kinachohitajika ili uhai uanze? Na hakimu ni yuleyule. Seli inaweza kufanana na yai kwa kila kitu, na mtaalamu anaweza kuitumainia kwa moyo wote, lakini mpaka azaliwe mtoto mzima, haijathibitishwa.

Spallanzani alifunga mlango, akatunza ufunguo, akahesabu siku 62. Hapo alikuwa mwalimu wetu. Aliposhika karatasi yenye jibu na kuiweka pembeni kwa sababu haikupatana na alichokuwa akiamini, alitufundisha pia, bila kukusudia. Basi nawe andika tarehe ya joto, andika jina la dume, andika siku ng'ombe aliporudi au aliposhika. Halafu daftari likisema tofauti na ulivyodhani, lisikilize daftari.

Kama una swali kuhusu uhimilishaji, zungumza na ofisa mifugo wa kata yako, au tutumie ujumbe tulijadili katika kipindi kijacho. Tukutane hewani.